Kuunga na Kufufua Gari la Vipande Nyumbani: Kutoka Chesisi Tupu hadi Kilomita za Mwanzo

Gari la vipande huja likiwa chesisi, bodi ya faiba na maboksi ya mabano, bolti na vikorokoro. Injini, gia boksi, difu, stelingi na breki hutoka kwenye gari la kawaida ambalo unalichinja, yaani unalibomoa ili kutumia viungo vyake. Lotus Seven ya Uingereza, iliyoanza 1957, iliuzwa hivyo kwa waliotaka kujiungia wenyewe. Meyers Manx ya Marekani, iliyoanza 1964, ilikuja kusambaa ikiwa ganda la faiba linalokaa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa. Miundo imebadilika, kazi ni ileile.

Mambo mawili yaeleweke kabla ya kushika spana. Kwanza, gari hili linaungwa mara mbili. Mara ya kwanza kavukavu, bila rangi wala gundi, mpaka kila kitu kikae mahali pake. Kisha linabomolewa, linapakwa rangi na kuungwa moja kwa moja. Anayeruka hatua ya kwanza huishia kutoboa chesisi iliyokwisha pakwa rangi, na kila tundu jipya ni mlango wa kutu. Pili, ukifufua gari lililoungwa na mtu mwingine, chukulia kwamba hakuna kilichofanywa sawasawa mpaka ukipime. Watu wawili wakipewa vipande vilevile hutoa magari mawili tofauti, na hakuna kitabu cha kiwanda kitakachokuambia ule waya wa kijani unaopotelea chini ya dashibodi unaenda wapi.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na karatasi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na kadi ya gari lililochinjwa iwepo. Gari lililosajiliwa kama saluni ya kawaida huku sasa ni la milango miwili lisilo na paa litakupa usumbufu siku ya kulikagua. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo tafuta orodha ya ukaguzi ya kwako na uisome kabla ya kukata bomba la kwanza. Uingereza, kwa mfano, ina ukaguzi wa gari mojamoja unaoitwa IVA, na humo hata kingo za nje zina kipimo: penye kuweza kumgusa mtu, ukingo uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Mabano na bolti zilizochomoza huwaangusha wengi kuliko injini.

Halafu tazama kinachokosekana. Kukosekana kwa altaneta au kalipa si tatizo, maana ni za gari la kawaida. Tatizo ni vile vya gari hilo peke yake: fremu ya kioo cha mbele, bawaba za boneti, mikono ya sasponsheni, mabano ya injini, tangi. Kama aliyetengeneza vipande hivyo alishafunga kiwanda, kila kimojawapo kitakuwa cha kuchonga upya.

Gari la kuchinja linunue zima, tena linalotembea. Liendeshe, usikilize gia boksi na difu, uhakikishe gia zote zinaingia na rejeta haichemshi. Ukinunua injini peke yake utasahau kontroli boksi, ufunguo na pete ya kusoma ufunguo, na injini za sasa haziwaki kama vitatu hivyo havikutoka gari moja. Wakati wa kubomoa, piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua, bolti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake wenye jina, na usitupe chochote mpaka gari jipya litembee. Hata kibano cha waya wa klachi.

Mahali na vifaa

Unahitaji nafasi ya kuzunguka gari pande zote, pamoja na mahali pakavu pa kulaza bodi, kwa sababu bodi itatolewa na kurudishwa mara nyingi. Stendi nne imara ni lazima. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Mbali na spana za kawaida, tafuta spana ya torki, koleo la kubana terminali lenye meno ya kujifunga, multimita, kifaa cha kukunja midomo ya mabomba ya breki, na bunduki ya ribiti ya mikono mirefu. Ile ndogo ya mkono mmoja itakuumiza kiganja kabla hujamaliza bati la kwanza. Ribiti za milimita 4.8 zinahitaji keeni ya milimita 4.9; nunua keeni hizo kadhaa kwa mpigo, maana zinakatika.

Chesisi

Chesisi nyingi za magari haya ni mabomba ya mraba ya chuma laini. Kipimo kinachokutwa sana ni milimita 25 kwa 25 chenye unene wa milimita 1.6. Chuma chembamba hivyo hakisamehe kutu.

Iweke kwenye stendi, uisawazishe kwa pima maji, kisha pima mishazari: kutoka tundu la bolti la mkono wa sasponsheni mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Tofauti ya milimita 2 au 3 inavumilika. Ikizidi 5, chesisi imepinda, na kabla ya kufanya lolote tafuta imepindia wapi. Pima kwenye matundu ya bolti, usipime kwenye kona za mabomba, kwa sababu kona huungwa kwa makadirio lakini matundu ndiyo yanayoshika magurudumu.

Kutu itafute kwa nyundo ndogo na msumari mkali. Bomba zima hulia. Lililooza hutoa sauti butu na msumari huzama. Anza na mabomba ya chini, sehemu za kukanyagia, nyuma ya magurudumu, na kila mahali ambapo bati la alumini limefunika chuma. Maji huingia kupitia matundu ya ribiti zilizo wazi katikati, yanatuama ndani ya bomba, na bomba linaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa safi. Chesisi iliyopakwa rangi ya unga ya kuoka hudanganya zaidi, kwa kuwa rangi ile ni ngumu: inapasuka penye mkwaruzo, kisha kutu inasafiri chini yake bila kuonekana. Ukiona imeinuka mahali, ikwangue. Usiogope kuharibu urembo.

Bomba lililooza linakatwa mpaka milimita 50 ndani ya chuma kizima, kila upande. Kabla ya kukata, chomelea vipande vya kushikilia umbali, la sivyo chesisi itajivuta na vipimo vyako vyote vitakuwa vya bure. Chomelea kwa vidoti, ukihama upande baada ya upande, na uache chuma kipoe. Tangi la mafuta na betri vitoke nje kabisa kabla ya cheche ya kwanza.

Rangi iliyo bora kwa chesisi ya nyumbani ni praima ya epoksi ya sehemu mbili, kisha rangi ya juu unayoweza kuirekebisha kwa brashi. Rangi za sehemu mbili zenye isosianeti ni sumu kwa mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Zipulizwe na mwenye kifaa cha kupumulia hewa safi kutoka nje. Mwishoni mimina nta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba kupitia matundu madogo, kisha uyazibe.

Mabati ya alumini yanafungwa kwa ribiti zilizozibwa mwisho, umbali wa milimita 50 hadi 75 kati ya moja na nyingine, juu ya mstari wa gundi ya poliyurethani. Gundi inafanya kazi mbili: inazuia maji, na inatenganisha alumini na chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe.

Kuunga kavu

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua huamua nafasi ya inayofuata:

1. Sasponsheni na magurudumu, kwa bolti za kuazima na nati zisizokazwa.
2. Stelingi na shafti yake. Hakikisha haitagusa ekzosi wala mguu wa dereva.
3. Injini na gia boksi vikiwa vimeunganishwa, vikaingizwa pamoja.
4. Propela shafti, pedali, tangi, rejeta.
5. Ekzosi.
6. Bodi, boneti, taa, kioo, viti. Kaa ndani, kanyaga kila pedali, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili.

Injini ikishakaa, acha nafasi ya milimita 20 pande zote, kwani hutikisika juu ya raba zake. Karta, yaani bakuli la oili chini ya injini, isishuke chini ya mabomba ya chesisi. Ikishuka, jiwe la kwanza barabarani litaimaliza oili yako. Angalia pia kama filta ya oili inatoka bila kung'oa ekzosi. Wengi hugundua jambo hilo siku ya sevisi ya kwanza.

Propela shafti ina masharti mawili. Uso wa flanji ya gia boksi na ule wa difu viwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja hivi, vinginevyo gari litatetemeka likishika kasi na hakuna balansi ya magurudumu itakayoliponya. Na shafti inapoingia kwenye gia boksi ibaki na nafasi ya kusogea milimita 10 hadi 20, kwa sababu difu au ekseli husogea. Ikigota, itavunja beringi ya nyuma ya gia boksi.

Ekzosi isipite karibu na faiba chini ya milimita 30, na hapo penye ukaribu weka ngao ya joto. Resini ya kawaida ya poliesta huanza kulegea kabla ya joto kufika digrii 100, na ekzosi iko mbali sana juu ya hapo.

Yote yakikaa, weka alama, toboa kila tundu, piga picha, kisha bomoa. Ndiyo, vyote.

Sasponsheni na stelingi

Bolti za sasponsheni ziwe daraja 8.8 au zaidi, na namba hiyo isomeke kichwani. Kwa 8.8 kavu, torki ya kawaida ni Nm 25 kwa M8, takriban Nm 50 kwa M10 na Nm 85 kwa M12, isipokuwa kitabu cha gari lako kikisema vingine. Nati zenye plastiki hutumika mara moja tu, na angalau uzi mmoja mzima wa bolti utokeze nje ya nati. Sehemu ya bolti isiyo na nyuzi ndiyo ibebe mzigo ndani ya mabano. Nyuzi zikibeba mzigo zinakatika.

Bushi za raba zina kosa lake maalumu. Bolti zake ukizikaza gari likiwa limening'inia, raba inashikwa katika mkao huo, na gari likishuka inakuwa imejisokota daima. Matokeo ni gari lililosimama juu kuliko ilivyokusudiwa na bushi zinazochanika mapema. Kaza gari likiwa chini kwa magurudumu yake, watu wawili wakiwa wameketi ndani, baada ya kulitikisa mara kadhaa.

Springi za gari lililochinjwa mara nyingi ni ngumu mno, kwa sababu zilibeba gari la kilo 1,000 na zaidi, na hili huenda halifiki 700. Gari litaruka badala ya kufuata barabara. Mwenye kununua springi mpya apime kwanza uzito wa kila gurudumu gari likiwa kamili, asitumie namba iliyoandikwa kwenye tangazo.

Jaribio moja la stelingi linafaa kufanywa kabla ya kupaka rangi. Toa springi, fungia ubao ulionyooka kwenye habu, inua na kushusha habu milimita 50, ukipima kama ubao unageuka kushoto au kulia. Ukigeuka, maana yake kila shimo barabarani litageuza gurudumu lenyewe, na dereva atadhani usukani umelegea. Dawa ni kupandisha au kushusha kisanduku cha stelingi kwa washa nyembamba chini ya mabano yake mpaka mgeuko upungue.

Alaimenti ya kuanzia: funga nyuzi mbili sambamba kando ya gari, kwenye stendi, umbali sawa kutoka katikati ya ekseli zote mbili. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu mbele na nyuma. Kwa gari jepesi lenye kuendeshwa na magurudumu ya nyuma, anza na magurudumu ya mbele kuelekea ndani kwa jumla ya milimita 1 hadi 2, na mlalo wa digrii moja kuelekea ndani kwa juu. Yanayobaki utayarekebisha baada ya kuliendesha.

Breki

Kama gari ni la kufufua, usijadili: mabomba yote, mipira yote na sili zote zibadilishwe. Gari lililokaa miaka bila kutembea lina pistoni zilizoshika kutu ndani ya kalipa, na mpira unaoonekana mzima nje unaweza kuwa umevimba ndani na kuziba njia. Gurudumu moja kubaki limeshikwa baada ya kuachia pedali ndiyo dalili yake.

Tumia bomba la aloi ya shaba na nikeli, kipenyo cha milimita 4.75. Linapinda kwa mkono na halioti kutu. Libanwe kila baada ya milimita 250 hivi, lisipite chini ya bomba la chini la chesisi, na lisiguse ekzosi.

Penye kuvuja sana ni midomo. Kuna mdomo uliopanuka na kukunjwa mara mbili, na kuna mdomo wenye kivimbe; kila kimoja kina tundu lake, na havibadilishani. Nati nazo zina nyuzi zinazokaribiana hatari: M10×1, ya milimita, na 3/8 UNF, ya inchi. Ya 3/8 huingia kwenye tundu la M10 kwa ulaini wa kutia shaka, hukaza kidogo, kisha hung'oa meno. Gari lenye vipande vya magari mawili tofauti laweza kuwa na zote mbili, kwa hiyo kila nati ipimwe kwa kalipa ya vipimo kabla ya kuingizwa.

Magari mengi ya aina hii huondoa servo, kile kisaidizi cha kupunguza uzito wa pedali, kwa kukosa nafasi, na pedali inakuwa nzito. Suluhisho ni masta silinda yenye kipenyo kidogo. Kutoka milimita 22.2 kwenda 19.05, kwa nguvu ileile ya mguu shinikizo hupanda kwa takriban asilimia 36, lakini pedali nayo husafiri zaidi kwa kiasi hichohicho. Hakikisha ina nafasi ya kusafiri kabla ya kugota sakafuni.

Mgawanyo wa breki mbele na nyuma hauhitaji ubunifu. Magurudumu ya mbele lazima yatangulie kujifunga. Ya nyuma yakitangulia, gari huzunguka. Hatari kubwa iko kwenye magari yenye injini katikati yaliyotumia habu za mbele za gari la kawaida upande wa nyuma, kwa kuwa kalipa kubwa zinakuwa nyuma. Hapo valvu ya kupunguza shinikizo la nyuma si pambo.

Jaza mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa mpya. Kiwango chake ni kuchemka kwa digrii zisizopungua 230 yakiwa makavu, na 155 tu yakishanyonya unyevu, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili. Yanatafuna rangi, ukimwaga, osha kwa maji papo hapo. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kisha mtu akanyage pedali kwa nguvu dakika nzima, wewe ukipitia kila kiungo na karatasi laini kavu. Karatasi ikiloa, fungua, kagua mdomo, usiongeze kukaza tu.

Mafuta, maji na injini

Pampu ya umeme ya mafuta husukuma vizuri na kuvuta vibaya, kwa hiyo ikae chini ya usawa wa tangi na karibu nalo. Kabureta inataka shinikizo dogo, kama bar 0.2 hadi 0.3; ukiipa pampu ya injini ya sindano (inayonyunyiza mafuta badala ya kutumia kabureta), yenye bar 3 au zaidi, itafurika mpaka juu ya manifoldi ya moto. Mipira ya mafuta iwe ya kiwango kinachovumilia ethanoli. Ile ya zamani hukauka na kupasuka hata gari likiwa limeegeshwa. Weka na swichi inayokata pampu gari likigongwa.

Joto ni ugonjwa maarufu wa magari haya, na mara nyingi rejeta haina kosa. Pua ya gari iko chini, rejeta iko chini ya kichwa cha injini, na hewa inabaki imenaswa juu. Tangi la maji liwe mahali pa juu kuliko vyote, na kwenye kila mpira unaopanda na kushuka weka skrubu ya kutolea hewa. Jaza ukiwa umeinua pua ya gari. Kisha ziba mapengo yote kuzunguka rejeta kwa bati au sponji, maana hewa hupita penye urahisi, na pengo la vidole viwili pembeni ni rahisi kuliko mapezi ya rejeta. Hewa ikishaingia nayo itafutiwe pa kutokea. Boneti isiyo na matundu hugeuka sufuria yenye kifuniko.

Umeme

Hapa ndipo gari la kufufua linapokula wiki. Ukikuta viungo vilivyofungwa kwa tepe, nyaya za rangi moja kwa kazi tano, na fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, usitafute hitilafu moja moja. Toa nyaya zote, anza upya.

Kumbuka faiba haipitishi umeme. Kwenye gari la bati, taa hupata hasi kupitia mwili wa gari. Hapa kila taa, honi, injini ya waipa na geji inataka waya wake wa hasi. Zikusanye kwenye bolti mbili au tatu za M8 zilizochomelewa kwenye chesisi, chuma kikiwa kimekwanguliwa mpaka king'ae. Waya mnene uende kutoka hasi ya betri hadi chesisi, na mwingine kutoka chesisi hadi injini. Ukisahau huo wa pili, stata itatafuta njia nyingine, na mara nyingi huipata kwenye kebo ya klachi au ya pedali ya mafuta, inayowaka nyekundu mpaka ganda linayeyuka.

Fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Taa mbili za mbele za wati 55 zinavuta takriban ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya 15 na waya wa milimita 2 za mraba unatosha. Feni ya rejeta huvuta zaidi kwa sekunde ile ya kuanza, ipewe relei yake. Relei ya kawaida ina miguu minne: 30 ni umeme kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye feni, 85 na 86 ni koili inayowashwa na swichi.

Terminali zibanwe kwa koleo, zisiunganishwe kwa risasi ya kulehemu. Risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, na mtetemo huukata pale ugumu unapoishia. Ukitumia nyaya za gari lililochinjwa, zitandaze sakafuni zikiwa zimeungwa na vifaa vyake vyote, hakikisha kila kitu kinafanya kazi hapo sakafuni, ndipo uanze kutoa zisizohitajika, moja baada ya moja.

Hatimaye pima. Weka multimita kati ya hasi ya betri na bloku ya injini, mtu apige stata: isizidi volti 0.3. Ikizidi, hasi yako ina ukinzani mahali. Injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5.

Bodi ya faiba

Ufa wa umbo la nyota kwenye bodi unamaanisha pigo lililotokea upande wa nyuma, mara nyingi bolti iliyokazwa bila washa pana. Puti juu yake haidumu miezi. Toa kwanza kinachousababisha.

Ufa uliopita mpaka ndani unatengenezwa kutoka nyuma. Kwangua eneo lote mpaka faiba safi, ukitelemsha unene polepole kwenda katikati: kwa bodi ya milimita 4, mteremko uanze walau milimita 50 kutoka kwenye ufa. Vaa barakoa ya vumbi laini, miwani na mikono mirefu. Futa kwa asetoni, acha ikauke.

Chukua mfano wa kiraka cha sentimita 30 kwa 30, tabaka tatu za mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Kila tabaka ni gramu 40 hivi, jumla 120. Resini ya poliesta inakwenda kama mara mbili na robo ya uzito wa mkeka, yaani gramu 270. Kichocheo asilimia 2, gramu 5 na nusu. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kifuniko. Kichocheo kikizidi, resini inachemka ndani ya kikombe na kupasuka ikikauka. Kikipungua, inabaki nata. Joto liwe kati ya digrii 15 na 25. Kata mkeka kwanza, changanya resini baadaye, kwa kuwa ikishachanganywa una kama robo saa. Paka resini, laza tabaka ndogo ya kwanza, igongegonge kwa brashi mpaka mkeka ugeuke wa kupenyeka mwanga, fukuza viputo kwa rola, kisha tabaka kubwa zaidi, na zaidi.

Tahadhari moja: poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Kama aliyekutangulia alitumia epoksi, endelea na epoksi.

Rangi ya bodi ingoje. Faiba mpya huendelea kukaza kwa wiki kadhaa, na ukiipaka mapema, viraka vyako vitajichora juu ya rangi inayong'aa.

Kuwasha na kutembea

Kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu, si ukutani. Toa plagi, kata mafuta, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Rudisha plagi, washa pampu, kagua viungo vyote vya mafuta kabla ya kuwasha injini. Ikiwaka, iache mpaka feni ijiwashe yenyewe na kujizima. Usipoona feni ikifanya hivyo nyumbani, usitoke.

Mwendo wa kwanza uwe mahali pa wazi, kasi ya mtu anayekimbia, ukijaribu breki kila baada ya mita chache. Simama, gusa kila habu: iliyo moto kuliko nyingine ina breki inayoshika. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50, na bolti zote za sasponsheni, stelingi na injini baada ya kilomita 100, kisha 500. Tia alama ya rangi kwenye kila nati na bolti yake baada ya kuikaza. Alama ikihama, utaona bila spana. Kugonga unapokanyaga breki mara nyingi ni bolti ya mkono wa sasponsheni, kugonga unapobadili gia ni raba za injini au za difu, na mtetemo unaokuja kwa kasi moja na kupotea ukiipita hiyo kasi unakurudisha kwenye magurudumu na pembe za propela shafti.